Wimbo wanaujua, jibu wanakosa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali wilayani Rungwe. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa langu lina watoto 68, na ukija asubuhi ya mwezi wa sita utawakuta wamejikunyata watatu watatu kwenye dawati, masweta yamevutwa mpaka puani. Lakini ukitamka tu "MAGAZIJUTO" wote wanaamka. Wanaiimba na kuipigia makofi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa! Walifundishwa darasa la nne, nami nikawarudishia darasa la tano, kwa hiyo siwezi kusema hawaijui.

Wiki tatu zilizopita niliwapa zoezi. Swali la kwanza lilikuwa 20 − 8 + 5. Niliweka jepesi makusudi, wapate moyo. Nikaanza kusahihisha. Daftari la kwanza, 7. La pili, 7. La tatu, 17, nikashusha pumzi. La nne, 7 tena. Nilipomaliza rundo nilikuta watoto 41 wameandika 7. Nikawakosesha wote.

Kesho yake msichana anayeongoza darasa akasimama. Hana utovu wa nidhamu, aliuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, MAGAZIJUTO si inasema kujumlisha kunatangulia kutoa? Nane jumlisha tano ni kumi na tatu. Ishirini toa kumi na tatu ni saba." Nikamwambia hapa tunaanza kushoto kwenda kulia. Akaniangalia, akasema, "Sasa wimbo wa nini?" Nikabaki na chaki mkononi.

Yakaongezeka. Mtoto yule alipeleka daftari kwa mwalimu aliyemfundisha darasa la nne, mzee wetu mmoja ambaye hata mimi namwamkia shikamoo kila asubuhi. Mzee akalitazama, akampa tiki. Sasa ukurasa mmoja una kosa langu jekundu na tiki yake ya bluu. Na saa nne, tukiwa tunakunywa chai ofisini, akasema mbele ya wenzangu kwamba vyuo vya siku hizi vinatoa walimu wasiojua hata MAGAZIJUTO. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, nikawa nakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

La mwisho ni la mama mmoja anayeuza viazi na mboga sokoni Tukuyu. Mwanawe nilimkosesha 2 + 3 × 4, alikuwa ameandika 20. Mama akaja na kikokotoo chake cha biashara, akabonyeza mbele yangu: 20. Nikatoa simu yangu, nikabonyeza yale yale: 14. Akacheka, akasema, "Basi simu yako mbovu, Mwalimu." Sikuwa na jibu. Mashine mbili, swali moja, majibu mawili.

Miezi miwili ijayo tuna mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine za kata. Naomba unishauri. Niutupe huu wimbo nifundishe kushoto kwenda kulia tu? Nimpeleke mzee kwa mwalimu wa taaluma ili akasahihishwe? Na yule mama nimwambie nini?

Ni mimi,
Mwalimu wa Tano, Rungwe

*

Marahaba, mwanangu. Pole na baridi, na pole na hao 41.

Nianze kwa kukutua mzigo mmoja. Watoto wako hawakukosa kwa kutojua, walikosa kwa kutii. Wameambiwa JU iko mbele ya TO, wakatafuta alama ya kujumlisha, wakaikuta imekaa kati ya 8 na 5, wakaimaliza hiyo kwanza. Mtoto mtoro asiyeujua wimbo angefika 17 bila jasho, maana angeanza kushoto akaenda zake. Ndiyo sababu aliyesimama kukuuliza ni anayeongoza darasa. Na lile swali lake, "sasa wimbo wa nini?", ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wakaguzi.

Nami sina mikono misafi. Nimeshika chaki Makambako, nikahamia Mafinga, nikastaafia hapa Uyole, na miaka yangu ya mwanzo nilifundisha kama mzee wako. Aliyenifumbua macho ni mtoto wa konda. Nilikuwa nimetunga mafumbo ubaoni: Kosta imetoka stendi na abiria 20, njiani wakashuka 8, wakapanda 5, je, imefika na abiria wangapi? Nikaandika 20 − 8 + 5, nikaimba wimbo, nikajumlisha 8 na 5, nikatoa, nikaandika 7, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mtoto yule akanyoosha kidole nyuma huko. "Mwalimu, umewashusha na waliopanda."

Nilitazama ubao kwa muda mrefu. Kweli, wale watano walikuwa wamelipa nauli, wakakaa, na mimi nimewateremsha pamoja na wale wanane. Niliwatoa watoto nje dakika kumi kabla ya kengele.

Basi kesho usianze na wimbo wala ubao. Chukua watoto 20, wasimamishe mbele, hao ndio Kosta inayotoka Mbeya. Ikifika Kiwira, washushe 8, waende wakasimame dirishani. Wapandishe 5 wengine kutoka madawatini. Darasa lihesabu. Ni 17, hata asiyejua kusoma anaona ni 17. Halafu ndiyo uandike ubaoni 20 − 8 + 5 = 17, na umwite mmoja wa wale waliopata 7 aje aoneshe katika ile Kosta ya watoto jinsi alivyofanya yeye. Mwache ahangaike nayo. Akifika kwa wale watano waliopanda na kuanza kuwapeleka dirishani, darasa litacheka, naye atacheka, na kosa hilo hatalirudia kirahisi. Mimi nimeona mabega ya mtoto yakishuka pale anapogundua mwenyewe, na ni tofauti kabisa na yanavyoshuka ukimwekea kosa jekundu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe na ndipo utakapopata njia ya kwenda kwa mzee.

Wimbo hausemi uongo. Unaposema kujumlisha kunatangulia kutoa, ni kweli unaweza kujumlisha kwanza, mradi ujue ni nini kinachojumlishwa. Kila namba inatembea na alama iliyo upande wake wa kushoto, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake. Katika 20 − 8 + 5, namba 8 imeshikwa mkono na alama ya kutoa. Namba 5 imeshikwa na ya kujumlisha. Namba 20 imekuja mwenyewe, ni ya waliokuwemo garini tangu stendi. Wa kujumlishwa ni 20 na 5, basi. Hiyo 8 haijawahi kuwa ya kujumlishwa hata siku moja. Kwa hiyo anayetaka kuufuata wimbo neno kwa neno aandike 20 + 5 = 25, kisha atoe 8, anapata 17. Anayetoka kushoto anasema 20 − 8 = 12, ongeza 5, anapata 17. Wamekutana.

Waliokosa walimnyang'anya 8 kutoka mkononi mwa mama yake wakamkabidhi kwa mama mwingine. Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi hivyo hivyo, "usiibe mtoto," na nikipita kati ya madawati nikaona mtu amejumlisha 8 na 5, nagonga tu meza na kusema "umeiba," anafuta mwenyewe.

Tena kuna mahali njia ya kukusanya kwanza inaipita ile ya kushoto kwenda kulia. Wape 5 − 8 + 10. Mtoto wa darasa la tano ambaye bado hajazoea namba hasi ataanza kushoto, atakwama hapo hapo, atakuja kukwambia "5 toa 8 haiwezekani." Aliyekusanya anasema 5 na 10 ni 15, toa 8, ni 7. Kwa hiyo usitupe wimbo. Ukiutupa, hao watoto watakwenda madarasa ya mbele wataukuta tena kwa mwalimu mwingine, na utakuwa umewaachia vita.

GA na ZI zisikuumize kichwa. Ukigawanya kabla ya kuzidisha, jibu linabaki sawa. Jaribu 24 ÷ 4 × 2: gawanya, 6, zidisha, 12, na ndiyo kushoto kwenda kulia vilevile. Jaribu 6 × 8 ÷ 4: ukizidisha kwanza 48 ÷ 4 ni 12, ukigawanya kwanza 6 × 2 ni 12. Usumbufu unakuja kwenye kama 4 × 3 ÷ 6, maana anayeng'ang'ania kugawanya kwanza atakutana na 3 ÷ 6 na kuanza kulia kwamba haigawanyiki, wakati aliyetoka kushoto ana 12 ÷ 6 na amemaliza. Wenzetu wa Marekani wana wimbo wao, PEMDAS, ambao unataja kuzidisha kabla ya kugawanya, kinyume cha wetu. Mtoto wa kule akiutii neno kwa neno, ile 24 ÷ 4 × 2 anaifanya 24 ÷ 8, anapata 3, anakoseshwa. Yeye anaumwa kwenye kuzidisha na kugawanya, na pia kwenye kujumlisha na kutoa kama wako. Sisi mwiba wetu ni JU na TO tu. Sababu ya yote ni moja: kuzidisha na kugawanya ni ndugu wa tumbo moja, kujumlisha na kutoa ni ndugu wa tumbo moja, hakuna mkubwa, na wakikutana ndugu wawili anayekuja kwanza kutoka kushoto ndiye anayehudumiwa. Wimbo una silabi moja moja, hauwezi kuwataja wawili kwa mpigo. Ni ufupi tu wa wimbo.

Twende kwa mama wa sokoni, na huyu usimpuuze, maana amekuletea kitu ambacho wengi hatukioni.

Kikokotoo chake si kibovu na simu yako si mbovu. Vile vikokotoo vidogo vya biashara vinafanya kazi papo kwa papo: ukibonyeza 2 + 3, halafu ukabonyeza ×, chenyewe kimeshajumlisha, kina 5 kwenye kioo, hakikumbuki tena kwamba kulikuwa na 2 na 3. Ukileta 4 kinakupa 20. Simu nyingi zinasubiri uandike sentensi nzima, ndipo zinaisoma kwa utaratibu wa matendo, yaani lipi lifanywe kabla ya lipi, zinatoa 14. Moja inahesabu unavyoongea, nyingine inasubiri umalize kuongea.

Sasa mwulize mama hivi, ukiwa umekaa kwenye ndoo yake pale mezani pake: mteja amechukua pakiti ya chumvi ya shilingi 500 na mafungu manne ya viazi, fungu 1,000. Anadaiwa ngapi? Atakujibu 4,500 kabla hujamaliza kusema. Mwambie abonyeze sasa kama swali lilivyoandikwa, 500 + 4 × 1,000, akitoka kushoto. Kikokotoo kitaonesha 504,000. Laki tano na elfu nne kwa chumvi na viazi! Akitoka hapo anakuelewa milele. Na ukimchunguza siku nyingine anapofunga hesabu za mteja mkubwa, huenda ukaona anapiga 4 × 1,000 kisha anabonyeza M+, kile kitufe cha kutunza jumla, anapiga 500 anabonyeza M+, mwisho anaita jumla. Ile M+ ndiyo mabano yake. Anafuata utaratibu wa matendo kila siku ya Mungu, ila hakuna aliyewahi kumwambia unaitwaje.

Na hilo swali la chumvi na viazi lirudishe darasani, kwa sababu wimbo hauwaelezi watoto kwa nini ZI inatangulia JU. Unaamuru tu. Kuzidisha ni kujumlisha kulikokunjwa. Ukikunjua 500 + 4 × 1,000 unapata 500 + 1,000 + 1,000 + 1,000 + 1,000. Angalia hapo, ile 500 itaingiaje ndani ya nne? Nne ni hesabu ya mafungu, na chumvi si fungu la viazi. Wape watoto wakunjue tatu au nne kwa mkono, 2 + 3 × 4 iwe 2 + 4 + 4 + 4, mpaka wachoke. Wakichoka wataomba wenyewe kukunja.

Mwerevu mmoja atakuuliza kama isingewezekana watu kupatana vingine. Mwambie ingewezekana. Waulize madereva wa malori pale Tunduma: toka hapa mpaka mwisho wa Zambia wanakaa kushoto mwa barabara, wakivuka Kasumbalesa kuingia Kongo wanahamia kulia. Hakuna upande mtakatifu, kilichopo ni mapatano, na asiyeyafuata anagongana na wenzake. Mwaka 2019 watu waligongana hivyo mitandaoni, huko Marekani na kwingineko, kwa sababu ya 8 ÷ 2(2 + 2). Nusu ya dunia inasema 16, nusu inasema 1, na wamo wenye shahada zao. Wanaotoka kushoto wanapata 16. Wanaoona ile 2 imeng'ang'ania mabano bila alama ya × wanaihesabu kuwa imeshikana nayo, wanapata 1. Kosa ni la aliyeandika. Wewe ukitunga swali la darasa la tano, andika alama ya × na uweke mabano mahali penye utata. Mtihani wa kumtega mtoto kwa mwandiko wako haupimi Hisabati.

Sasa daftari. Naomba uangalie jinsi wanavyoandika kazi, maana nadhani nusu ya ugonjwa iko hapo. Watoto wengi wanaandika hivi kwa mstari mmoja: 500 + 4 × 1,000 = 4 × 1,000 = 4,000 + 500 = 4,500. Jibu ni sahihi na ukurasa ni uongo mtupu, kwa sababu umesema 4,000 ni sawa na 4,500. Alama ile ya mistari miwili ilianzishwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557, na alichagua mistari sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Watoto wetu wanaitumia kama "halafu". Wafundishe kushuka mstari kwa mstari. Katika kila hatua mtoto apigie mstari chini ya kipande kimoja tu anachokwenda kukifanya, na kinachosubiri kinashuka kama kilivyo, na alama yake mkononi:

36 − 2 × (5 + 3) + 4
= 36 − 2 × 8 + 4
= 36 − 16 + 4
= 20 + 4
= 24

Itakula karatasi, na wazazi watalalamika kuhusu madaftari. Vumilia.

Swali hilo nimelichagua kwa makusudi, litumie kama kipimo. Kabla hujakosesha mtu, soma jibu lake, litakwambia anaumwa wapi. Aliyeandika 16 amefika vizuri mpaka 36 − 16 + 4, akaiba mtoto, akajumlisha 16 na 4. Huyo mrudishe kwenye Kosta. Aliyeandika 276 ameheshimu mabano, kisha akakimbia kushoto kwenda kulia bila kuangalia, 34 × 8 ongeza 4, huyo mpeleke kwenye chumvi na viazi. Aliyeandika 177 hata mabano hakuyaona: 34 × 5, ongeza 3, ongeza 4. Huyo anza naye upya kabisa, na ikibidi mkae naye kivulini mchana. Mwenye jibu lingine tofauti na hayo huenda amekosea kuzidisha tu, wala haumwi utaratibu wa matendo. Watoto 68 ni wengi, najua, lakini kwa majibu matatu unayoyatafuta unaweza kupanga rundo la madaftari mafungu manne kwa dakika ishirini, ukajua kesho unaanza na nani.

Mabano nayo watoto wanayaona ni pambo. Wageuzie swali. Waandikie 6 + 2 × 5 = 40, uwaambie ni uongo, waweke mabano iwe kweli. Watahangaika, kisha mmoja ataandika (6 + 2) × 5. Wape 24 ÷ 4 × 2 = 3. Halafu wape 20 − 8 + 5 = 7. Yule msichana wako atakapoandika 20 − (8 + 5), mwache alitazame. Ndiyo ile hesabu yake ya wiki tatu zilizopita, ilikuwa hesabu halali ya swali jingine ambalo hukuuliza. Mwambie hivyo, mbele ya wenzake.

Nimelisogeza la mzee mpaka mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuuma. Kwa mwalimu wa taaluma usiende. Ukienda utashinda siku hiyo, na utakaa naye ofisi moja miaka sita akikupa mgongo. Na kusema kweli mzee hakuwa mzembe. Maswali mengi ya madarasa ya chini yanakuja na kujumlisha mbele na kutoa nyuma, kama 7 + 5 − 3, na hapo ukiimba wimbo vyovyote unapata. Anaweza kufundisha miaka ishirini asikutane na mtego. Mimi nisingekutana nao pia kama si yule mtoto wa konda.

Mfuate akiwa peke yake, jioni, mnapotoka, au mkute kwake Jumamosi. Usiende mikono mitupu. Usimwambie umekuja kumsahihisha, na usibebe lile daftari lenye tiki na kosa, hilo litamwaibisha kabla hujafungua mdomo. Mwambie: "Mzee, shikamoo, kuna fumbo la Kosta linanisumbua, nisaidie." Mpe abiria 20, walioshuka 8, waliopanda 5. Atakujibu 17, kwa mdomo, bila karatasi. Hapo ndipo umwulize angeliandikaje kwa alama. Kisha nyamaza. Acha kimya kifanye kazi, usimsaidie hata kama mikono inakuwasha. Akishaona, mpe ile njia ya kukusanya, 20 na 5 kwanza kisha toa 8, na umwambie kwamba JU mbele ya TO inabaki vilevile alivyoifundisha, kilichoongezeka ni namba kushikana na alama yake. Anabaki na wimbo wake, wewe unabaki na 17 yako, na ya ofisini usiyakumbushe. Akikataa kabisa, mwachie darasa lake la nne, wewe wapokee watoto darasa la tano kwa Kosta. Hawatachanganyikiwa zaidi ya walivyo sasa.

Ukurasa ule wenye rangi mbili, mwombe msichana akupe, andika chini yake kwa kalamu yoyote: "Swali lako lilikuwa la haki. Tulijibu pamoja," na tarehe.

Kuhusu ujirani mwema, miezi miwili inatosha, ila usiwachoshe na mazoezi ya kufanana. Siku mvua ya Tukuyu ikigoma kukatika na nusu ya darasa haijafika, andika ubaoni nne nne: 4, 4, 4, 4. Watumie hizo nne zote, na alama na mabano wanayotaka, wapate 1, kisha 2, kisha 3, mpaka 10. (4 + 4) ÷ (4 + 4) ni 1, hiyo wape bure. Ya 9 haihitaji mabano hata moja, ni 4 + 4 + 4 ÷ 4, na utawasikia wakibishana kama kweli ni 9 au ni 3. Usiwaamulie haraka. Ya 10 itawatesa, wengine wataapa haiwezekani. Ukiona wamekata tamaa, waambie wanaruhusiwa kuanza na 44.

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa barua yako.